Mshipa Nilioufuata Hadi Pangani

Mmeniuliza mara nyingi, nyinyi wenzangu wa hapa Kilindoni, na mara zote nimewajibu kwa kucheka. Niliondoka Mafia kwenda Kaole kumsaidia mama. Mkasikia nimeposa, mkasikia siku ya ndoa imewekwa, kisha mkaniona nashuka ufukweni na kikapu kimoja, sina mke. Juzi Hamadi amesema mbele ya watu kwamba bibi harusi alinikimbia. Hakunikimbia. Basi nimekaa kuandika, msome wote, na anayetaka kunitania baada ya hapo anitanie kwa jambo la kweli.

Kaole

Kaka yangu Selemani alikwenda vita vya Bama na jeshi la Waingereza akiwa ameoa miezi minne tu. Mkewe ni Mwanaidi. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Mmoja wao alikuja kumwambia mama kwamba gari lao liliwaka moto na hakuona mtu aliyetoka. Mama akangoja, akangoja, mwisho hitma ikasomwa, kadhi akaamua, Mwanaidi akakaa eda akaimaliza. Mimi wakati wote huo nilikuwa hapa kwa mjomba, nilikoletwa nikiwa na miaka mitano, na huyo kaka nilimjua kwa jina tu. Tangu utoto niliamini kwamba mama alinitoa kwa sababu alikuwa na mwana mmoja aliyemtosha. Sikuwahi kumwambia mtu, lakini nililala nalo na kuamka nalo.

Nilipofika Kaole nilimkuta mama hawezi miguu, na Mwanaidi bado anamtunza mkwewe wakati angeweza kurudi kwao. Nikakaa miaka miwili kwenye chumba cha nje. Mama mwenyewe ndiye aliyesema nimwoe, kama wanavyofanya wengi kwetu, mke wa marehemu asitoke nje ya ukoo. Mwanaidi aliulizwa, akakubali. Mimi hakuna aliyejisumbua kuniuliza, maana hata mwuza kahawa alijua nilivyompenda.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, mchuuzi wa nazi akaleta habari kutoka kaskazini: Pangani yuko mtu mwenye uso ulioungua, kazi yake kufua nazi, na siku moja alitamka kwamba kwao ni Kaole.

Mara mbili kabla ya hapo mama alikwisha kuletewa habari za uongo. Mara ya pili alikaa siku tatu hali chakula. Kwa hiyo safari hii hakutaka jirani ajue. Mwanaidi alitaka kwenda mwenyewe, mama akamkataza. Mjomba aliyemfahamu Selemani vizuri alikuwa amekufa. Nilibaki mimi, mtu wa mwisho aliyefaa kutumwa kazi hiyo.

"Uso umeungua, hautakusaidia kitu," mama aliniambia. "Tazama mkono wa kushoto. Mwambie aunganishe kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha akunje kiganja kidogo. Watu wote husimama mshipa hapo katikati ya kifundo cha mkono. Baba yenu hakuwa nao, na mwanangu hana. Nilikuwa nikimwogesha huku nikiuchezea mkono huo."

Nikajaribu wangu hapo hapo. Laini, hakuna kitu.

"Na mimi sina, mama."

"Basi si unaona? Ndiyo damu. Akiwa hana, mlete. Akiwa nao, muage vizuri, urudi uoe."

Mwanaidi alinifungia mikate ya kumimina na samaki wa kukaanga. Hakunitazama. Niliomba njia nzima, na msinihukumu, niukute huo mshipa umesimama.

Bagamoyo hadi Msata

Jumamosi asubuhi nilipata lori Bagamoyo. Lilikuwa limebeba chumvi, mabati na matenga sita ya kuku. Nikapewa nafasi karibu na matenga, nikaikataa, nikasafiri nimesimama huku nimeshika kamba. Sipendi kukaa karibu na kuku. Abiria wote waliliona, wakanicheka, nami sikuwaeleza kwa nini, kama ambavyo sijawahi kuwaeleza nyinyi.

Kabla ya Msata lori likafa. Dereva, Mpare mmoja mnene aliyependa kuimba, akaingia chini yake na spana. Nikachuchumaa kumshikia nati. Alipokuwa anakaza, kiganja kikiwa kimekunjwa na vidole vimebana, nikauona mkono wake wa kushoto karibu na uso wangu. Hapakuwa na mshipa.

Nilidhani nimempata ndugu. Akili ya mtu aliyekulia kisiwani, nadhani, kuona kila anayefanana naye ni jamaa.

"Bwana, samahani," nikamwuliza, "baba yako aliwahi kukaa Kaole?"

"Baba yangu hajapata kuiona bahari. Kwa nini?"

"Huu mkono wako ni mkono wa kwetu. Wa baba yangu kabisa."

Akatoka chini ya lori polepole, spana mkononi. "Sema tena. Unasema mama yangu alizaa na mtu wa pwani?"

Nilijaribu kueleza na kila neno lilizidi kuharibu. Abiria wawili wakamshika, la sivyo leo mngekuwa mnasoma habari hizi kwa mtu mwingine. Tulitembea hadi Msata, lori likabaki porini. Dereva alitangulia mbele, na kila baada ya hatua chache aligeuka kunitazama.

Msata

Tulikaa Msata siku mbili tukingoja chuma cha lori kutoka Bagamoyo. Nilizihesabu kwa uchungu, maana ndoa ilikuwa Ijumaa ya pili, na wageni walikwisha kualikwa.

Penye njia panda palikuwa na mama mmoja mwuza uji, mama Asha, Mkwere mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Dereva akamsimulia jinsi nilivyomtukana mama yake. Mama Asha akanigeukia.

"Wewe kijana, hebu niambie mimi. Mkono una nini?"

Nikamweleza alama, ila si safari. Akaweka upawa chini, akaunganisha vidole vya kushoto. Mshipa ukasimama. Akafanya wa kulia. Hakuna.

"Haya, mimi nusu ni ndugu yako!" akacheka. "Uji bakuli zima utalipa, lakini."

Akawaamuru wateja wake wote wafanye. Ndani ya dakika chache Msata nzima ilikuwa imekunja viganja: wapakiaji, mzee mwuza tumbaku, Mhindi aliyeshuka kunywa chai, mpaka dereva wangu, ambaye hasira zilikuwa zimempungua. Watu kumi na mmoja. Wawili hawakuwa na mshipa, ukimtoa mama Asha ambaye alikuwa nao upande mmoja tu. Kila niliyemkuta hana, nilifunga fundo kwenye tamvua la kikoi changu. Sikujua kwa nini nahesabu. Nilijua tu kwamba nimeanza kuogopa.

Lakini kama hata Mpare hana, na mzee wa tumbaku wa Kikwere hana, basi mtu wa Pangani asipokuwa nao bado si lazima awe kaka yangu. Hilo, nakiri, lilinipendeza. Nilikula uji bakuli la pili.

Wami na Saadani

Mandera tulikuta mto Wami umejaa, tukalala ng'ambo ya huku siku moja, nami nikatazama viganja vya abiria wengine. Hapo nilikula nyama ya kukausha ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya mnyama gani, na mwenyeji alipoulizwa alisema "ya porini" tu. Siku ya tano nikafika Saadani, miguu imevimba.

Saadani walinichukulia kuwa mganga. Kosa langu mwenyewe: nilimwomba mtu wa kwanza niliyemsalimia anionyeshe mkono, akaenda kuwaambia wengine. Nilipomaliza kusali adhuhuri, bibi mmoja mwanika samaki alikuwa ananisubiri nje ya msikiti, amenyoosha mkono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unauma hapa, mpaka begani. Nitie dawa."

"Mimi si mganga, bibi. Natafuta mshipa."

"Ndiyo huo unaouma," akasema.

Ilinibidi nimkande kwa mafuta ya nazi. Akaniombea dua ndefu, na kunipa nafasi ya kulala kwa wanawe, Kombo na Shomari. Hao ni baba mmoja mama mmoja, wanafanana mpaka kicheko. Jioni tukila wali na papa, niliwaomba wakunje viganja. Kombo mshipa ulisimama mikono yote miwili. Shomari hana popote.

"Mna hakika ni baba mmoja?" nikauliza, halafu nikakumbuka spana, nikaomba radhi upesi.

Wao walicheka. Bibi yule ndiye hakucheka. "Niliwazaa mimi," akasema. "Kwani mikono hutoka kwenye kinu kimoja? Huyu nywele laini, yule ngumu. Huyu anapenda chumvi, yule hataki. Wewe ulitaka wafanane kila kitu?"

Yale ya Msata yalikuwa yamenifungulia mlango mmoja, haya yakaufunga. Asiyekuwa na mshipa si lazima awe kaka yangu, sawa. Lakini mwenye mshipa naye aweza kuwa kaka yangu vilevile. Alama ya mama haikuwa ikisema ndiyo wala la. Matamvua manne yalikuwa na mafundo, katika watu ishirini na kitu, na nilitamani nisingeanza kuhesabu kabisa.

Kwa miguu hadi Pangani

Kutoka Saadani nilitembea siku mbili, Mkwaja, Kipumbwi, na vijiji ambavyo sikuuliza majina. Sikutazama mkono wa mtu yeyote. Kipumbwi walinipa maji ya dafu na muhogo wa kuchoma, wakaniuliza niendako, nikasema naenda kuona mgonjwa. Usiku nilikuwa nalala vizuri. Mchana ndio ulikuwa mbaya, kwa sababu mchana nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mama. Yalikuwa machache: "Mama, nimetazama mkono wa kushoto, mshipa upo." Niliyarudia mpaka yakawa laini mdomoni.

Pangani

Nilivuka mto kutoka Bweni Jumamosi asubuhi. Haikuwa taabu kumpata. Kila mtu alimjua Uso-Moto, ndivyo walivyomwita mbele yake na nyuma yake.

Alikuwa nyuma ya ghala la mbata, ameinama juu ya kifuo, anafua nazi. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umevutwa na moto mpaka sikio halipo. Nilisimama mbali kidogo. Alibandika nazi kwenye ncha ya kifuo, akakandamiza, na katikati ya mkono wake wa kushoto mshipa ukasimama, mnene, kama ugwe. Akabandika nyingine. Ukasimama tena.

Ningeweza kugeuka hapo hapo. Mama aliniambia nitazame, nami nilikuwa nimetazama.

Lakini alikuwa ameniona. Nikamsalimia, akaitikia marahaba, nikasema natoka Kaole. Akaacha kufua. Alinitazama muda mrefu, kwanza uso, kisha miguu, kisha akatazama jogoo mmoja aliyekuwa anaparura makumbi nyuma yangu, ambaye mimi nilikwisha kujitenga naye bila kujijua.

"Bado unaogopa kuku?" akaniuliza.

Nilikaa chini kwenye makumbi. Nilikuwa na miaka minne, jamani, kuku mwenye vifaranga alinirukia usoni, na aliyenitoa chini yake alikuwa mtoto mwingine ambaye sura yake sikuikumbuka tena. Siku saba njiani nimetazama mikono ya dunia nzima, na sikuwa nimefikiria kwamba huyu mtu naweza kumwuliza swali, au kwamba yeye aweza kunitambua mimi.

"Kaka Selemani," nikasema.

"Usiniite hivyo kwa sauti."

Aliniambia mwenyewe, taratibu, huku anaendelea kufua. Alikaa hospitali Bara Hindi muda mrefu, hajui jina lake. Alipolipata, alirudi kwa meli hadi Mombasa, akateremka Tanga, na hapo akakutana na mtu wa Bagamoyo aliyemwambia, bila kumjua, kwamba Selemani wa Kaole amekwisha kusomewa hitma na mkewe amemaliza eda.

"Nikala hitma yangu mwenyewe, kwa masikio," akasema. "Mtu aliyekwisha kuombewa rehema na kijiji kizima anaingiaje mlangoni? Na uso huu? Wewe umekuja kwa nini sasa?"

Nikamweleza yote. Sikumficha ndoa. Nilimweleza na mshipa. Akatazama mkono wake, akaunganisha vidole, akautazama ulivyosimama, akatabasamu kwa upande wa uso unaoweza kutabasamu.

"Basi mambo mepesi. Mama alikupa alama, alama haipo. Rudi ukamwambie ulichokiona. Hutakuwa umesema uongo hata neno moja."

"Na Mwanaidi?"

"Unampenda?"

"Nampenda."

"Basi nenda. Mwambie mama mshipa upo."

Maneno yangu yaleyale. Nasema kwa aibu: nilimshika mkono, nikaaga, nikaondoka. Nilishuka hadi kivukoni, nikapanda chombo cha kuvuka kurudi Bweni, na nilikuwa na furaha tele.

Katikati ya mto nikawa nachezea kikoi changu, kama nilivyozoea, na vidole vikagusa fundo. Moja, mbili, tatu, nne. Niliyafunga mwenyewe. Mtu asiyejua angeweza kwenda kwa mama akasema mshipa upo, naye akawa mkweli. Mimi nilikuwa nimehesabu. Nilikaa na Kombo na Shomari sinia moja. Nikisema maneno yale ningekuwa mwongo hata kama kila neno ni kweli, na ningelala karibu na Mwanaidi maisha yangu yote nikilijua hilo. Nililia pale chomboni mbele ya abiria, na mama mmoja akadhani nimefiwa, akanipa pole.

Chombo kilipofika Bweni sikushuka. Nilirudi nacho.

"Umesahau nini?" kaka akaniuliza.

"Wewe," nikasema. "Inuka, twende."

Alikataa siku ile, akakataa asubuhi yake. Nikamwambia basi na mimi sirudi, nitafua nazi hapa, na wageni wataikuta ndoa haina bwana wala habari, na mama ataomboleza wana wawili. Akatupa nazi chini kwa hasira. Baada ya adhuhuri tulivuka.

Kurudi

Tulirudi kwa njia ileile. Hatukuzungumza sana. Alifunika uso kwa kilemba kila tulipoingia kijiji, na Msata mama Asha alimfunua bila kuomba ruhusa, akasema, "Uji haunyweki kwa kilemba," akampa bakuli. Dereva wa Kipare ndiye aliyetupeleka Bagamoyo. Kaka alikaa karibu na matenga ya kuku ili mimi nikae mbali.

Tulifika Kaole Ijumaa, watu wanatoka msikitini. Masufuria ya pilau yalikuwa jikoni. Mwanaidi alikuwa ndani amepakwa hina. Alisikia sauti ya kaka akipiga hodi, hodi moja tu, na akatoka mbio, hina haijakauka, akasimama mbele yake. Hakuuliza mkono. Alimgusa uso pale palipoungua, akaacha alama nyekundu. Mimi nikatazama ukuta.

Mama alikuwa kwenye kitanda chake cha kamba uani. Alimkumbatia, akalia, kisha akamshika mkono wa kushoto. Akaviunganisha yeye mwenyewe vidole vya kaka, kidole gumba na cha mwisho, akakikunja kiganja. Mshipa ukasimama.

Niliogopa, nadhani kuliko siku ya spana.

"Mama," nikaanza, "alama ile si ya kutegemea, huko njiani nimeona—"

"Nyamaza. Lete mkono wako."

Nikampa wangu wa kushoto. Akaukunja vilevile. Akapitisha kidole chake juu yake, kwenda na kurudi, pale palipo laini, kama mtu anayeifahamu njia. Akafanya hivyo mara nyingi.

"Ulikuwa huu," akasema. "Walikuchukua kwenda Mafia, nikabaki nauota huu mkono. Miaka yote hiyo. Halafu huyu naye akapotea, nikadhani ni wake."

Pilau ililiwa siku ile kwa ajili ya kaka na mkewe, na ilikuwa nzuri. Nilikaa Kaole wiki nne zaidi kwenye chumba cha nje, na kila asubuhi mama aliniita nimpe mkono, akaushika mpaka chai ikaiva. Halafu nikarudi huku.